Uchambuzi: Mpunga wa mwitu na vita vya ukingo wa maji West Nile

Serikali ya Uganda inawaondoa wakulima wa mpunga katika ardhi oevu. Wakati huo huo, watafiti wanaufanyia majaribio nchini humo mpunga mpya uliotokana na nyasi ya mwitu inayoota katika ardhi oevu hizo hizo. Kwa wakaazi wa Kuluva, Arua na Koboko, wenyeji kwa wakimbizi, mambo hayo mawili yanakutana mahali pamoja, napo ni kwenye ukingo wa maji.

Kuluva ipo kusini mwa Arua, kando ya barabara iendayo Nebbi. Nje ya Uganda jina hilo linajulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni, ambayo daktari wake, Ted Williams, alisafiri mwaka 1961 pamoja na Denis Burkitt na Cliff Nelson maelfu ya maili kusini mwa Afrika wakichora ramani ya saratani ya taya inayowapata watoto. Ramani ile ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto na unyevu. Ulikuwa wa kawaida mabondeni na nadra kwenye nyanda za juu. Eneo la West Nile lenyewe limegawanyika hivyo hivyo. Nyanda za Arua na Koboko ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka huko vijito huteremka kuelekea mashariki hadi mto Nile, ambao umelala mamia ya mita chini yake. Mvua inayonyesha Kuluva mwezi Agosti hupita kwanza katika mabonde membamba yenye mafunjo na matete, kisha huishia kwenye tambarare za mto ambako maji husimama kwa miezi.

Katika tambarare za namna hiyo ndipo huota mpunga wa mwitu. Kiswahili, ambacho kwa mmea huu mmoja kina majina matatu, mpunga ungali shambani, mchele ukishakobolewa na wali ukishapikwa, hakikuona haja ya kuupa ule wa mwitu jina lake wenyewe. Umeachiwa kuitwa mpunga pori, jina ambalo mkulima hulitamka akiwa na jembe mkononi, maana kwake ni gugu.

Uhaba unaoanzia kwenye kiwanja

Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika, na West Nile imebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kambi ya Rhino Camp ilifunguliwa mwaka 1980. Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti 2016 wilayani Yumbe, ilipokea zaidi ya watu 250,000 katika miezi michache tu. Imvepi ilifunguliwa upya mwanzoni mwa 2017, na Lobule, wilayani Koboko, imewapokea Wakongo. Sera ya Uganda, inayosifiwa na wengi, humpa mkimbizi kipande cha ardhi badala ya kumfungia nyuma ya uzio. Lakini katika Bidi Bidi familia ilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Mahali hapo pakishajengwa nyumba na choo, kinachobaki ni bustani ya mboga.

Kwa miaka kadhaa pengo hilo lilizibwa na msaada wa chakula. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapanga wakimbizi kwa viwango vya uhitaji, na mwaka 2025 likatangaza kwamba watu wapatao milioni moja nchini Uganda wameondolewa kabisa katika mgao kwa ukosefu wa fedha. Mtu aliyeondolewa kwenye orodha hiyo ana njia chache. Huweza kukodi shamba la mwenyeji, kufanya vibarua, kurudi alikokimbia, au kushuka bondeni. Kwa hiyo mabonde yamekuwa na wageni wengi kuliko zamani, na mwenyeji ambaye shamba lake la mlimani limegawanywa kati ya ndugu kwa vizazi vitatu naye hushuka huko huko. Kandokando ya mto Enyau, unaoinywesha Arua, watu wanafyatua matofali, wanapanda mikaratusi na wanalima mboga hadi kwenye ukingo.

Wengi wa wakimbizi hawa hawakufika na mikono mitupu. Watu wa mabwawa ya Sudd nchini Sudan Kusini, Wanuer na Wadinka miongoni mwao, wana elimu ya zamani ya kula kutoka majini. Huzijua mbegu na mizizi ya yungiyungi, huujua mpunga wa mwitu, na hujua aina za nyasi zinazovunwa mtama ukichelewa au vita vikichoma ghala. Ripoti za njaa huiita elimu hiyo mbinu ya kukabiliana na dharura, kana kwamba ilibuniwa juzi. Kwa kweli ni kalenda kamili ya chakula, na inataka mtu ajue maji hupanda lini na hupungua lini.

Nyasi yenyewe

Afrika ina aina kadhaa za mpunga wa mwitu, nazo mbili ndizo zenye uzito katika mjadala huu. Ya kwanza ni Oryza barthii, mmea wa mwaka mmoja, ambao wakulima wa Afrika Magharibi waliufuga miaka ipatayo 3,000 iliyopita hadi ukawa mpunga wa Kiafrika, Oryza glaberrima. Ya pili ni Oryza longistaminata, na hiyo ndiyo nyasi ya tambarare za Nile. Hufika urefu wa mita mbili na zaidi. Haitegemei mbegu kuishi, kwani chini ya tope hutandaza mashina yanayotambaa, na kila pingili ya shina hilo huweza kutoa chipukizi. Kiangazi kikifika majani hukauka na moto hupita juu yake, lakini mashina ya chini hubaki hai yakingoja maji.

Mkulima huichukia kwa sababu hiyo hiyo. Ukiing'oa, kipande kidogo kinachobaki ardhini huota tena. Na kama chakula ina ubahili wake. Kila suke hutoa punje chache, punje hizo haziivi pamoja, zina nywele ndefu zinazochoma mkono, na zikiiva tu hupukutika majini kabla ya mvunaji kufika. Mmea uliofugwa umepoteza tabia ya kupukutika, na kwa hakika huko ndiko kufugwa kwenyewe. Mpunga ulianza kumngoja binadamu.

Wavunaji wa nyasi za mwitu barani Afrika walipata njia mbili za kuushinda mpukutiko huo. Moja ni kupita katikati ya nyasi asubuhi, mvunaji akipunga kapu au kibuyu kwenye masuke, ili punje zilizoiva siku hiyo zianguke ndani. Siku chache baadaye hurudi kwa zile zilizokuwa mbichi. Nyingine ni kuyafunga mashina mafungu mafungu kabla hayajaiva, ili punje zibaki zimenaswa ndani ya fungu. Kisha hufuata kazi ya kawaida ya kinu na ungo, ngumu kuliko kwa mpunga wa shamba kwa sababu ya zile nywele. Katika Sahel punje kama hizo zimeuzwa sokoni kwa karne nyingi, na si kwa maskini peke yao.

Je, nyasi ya namna hii inaweza kupandwa kwa makusudi? Jibu lipo Mali, ingawa kwa mmea jamaa. Katika delta ya ndani ya mto Niger kuna nyasi ya majini iitwayo burgu, Echinochloa stagnina. Mbegu zake huliwa, mashina yake yana utamu ambao watu wa huko hutengenezea kinywaji, na majani yake ni malisho ya ng'ombe maji yanapokupwa. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliifagia sehemu kubwa ya burgu, na tangu miaka ya 1980 jamii za kando ya mto, zikisaidiwa na miradi ya uhifadhi, zimekuwa zikiipanda upya kwa kuchomeka vipande vya mashina kwenye tope mafuriko yanapoanza. Vijiji vikakubaliana nani achunge wapi na lini. Upandaji haukuwa mgumu. Lililochukua muda ni hayo makubaliano.

Ni tofauti kubwa na kilimo cha mpunga kama kinavyojulikana mashariki mwa Uganda, ambako bwawa huchimbiwa mifereji, mafunjo hufyekwa na ardhi husawazishwa. Burgu hupandwa ndani ya mafuriko yenyewe, na mto hauguswi.

Kutoka tope la Afrika hadi Yunnan

Kwa nini basi nyasi hii imekuwa habari sasa? Sababu ni yale mashina ya chini ya ardhi. Mwaka 1996 watafiti wa mkoa wa Yunnan, kusini magharibi mwa China, walifanikiwa kuuzalisha mpunga wa Asia na Oryza longistaminata ya Afrika. Kiinitete cha mchanganyiko huo kisingeishi chenyewe, ikabidi kilelewe maabara. Ilichukua zaidi ya miaka 20 ya kuchagua na kurudia hadi mwaka 2018 ilipotolewa kwa wakulima mbegu iitwayo PR23, mpunga wa kudumu. Hupandwa mara moja, huvunwa, mabua hukatwa, na mashina huchipua tena.

Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2022 yaliushangaza ulimwengu wa kilimo. Katika mavuno manane mfululizo ndani ya miaka minne, PR23 ilitoa wastani wa tani 6.8 kwa hekta, wakati mpunga unaopandwa upya kila msimu ulitoa tani 6.7. Katika kila mzunguko wa kuchipua, kazi ilipungua kwa asilimia 58 na gharama za pembejeo kwa asilimia 49. Kufikia 2021 zaidi ya wakulima wadogo 44,000 wa China walikuwa wameupanda. Majaribio yamefika nchi kadhaa za Asia na Afrika, Uganda ikiwa mojawapo.

Kwa mkulima wa bonde la Kuluva, asilimia 58 ya kazi ni jambo zito. Kazi inayopungua ni ya kulima, kuotesha, kuhamisha miche na kupandikiza, na wanaoinama majini kupandikiza mara nyingi ni wanawake na watoto. Lakini takwimu za Yunnan zina masharti yake. Zilipatikana mahali penye umwagiliaji unaodhibitiwa, mbolea na dawa za magugu, na mavuno hushuka kuanzia mwaka wa tano, shamba likahitaji kupandwa upya. West Nile ina kiangazi kikali kati ya Desemba na Machi, na vijito vingi vya nyanda za juu hubaki na maji kidogo. Mpunga wa kudumu usipopata unyevu miezi hiyo unaweza kufa, na ukifa huwa hauna tofauti na mpunga mwingine.

Kuna pia kimyanga. Ugonjwa huo wa virusi, unaoufanya mpunga kuwa na madoa ya manjano na kudumaa, ulionekana kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1966 huko Otonglo, karibu na Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Leo umeenea katika mashamba ya mpunga ya sehemu kubwa ya Afrika. Husambazwa na mende wadogo wala majani, na mpunga wa mwitu ni mojawapo ya makazi yake nje ya shamba. Mkulima wa kawaida anashauriwa kuchoma au kufukia mabua baada ya mavuno ili virusi visipate pa kuishi. Mpunga wa kudumu, kwa maumbile yake, huacha mabua hai shambani mwaka mzima. Jambo hili halijapewa nafasi linayostahili katika shangwe za habari za Yunnan, nalo ni la Afrika hasa, kwa kuwa China haina kimyanga.

Sheria na robo ya bwawa

Hata hivyo kikwazo kikubwa zaidi West Nile ni cha kisheria, wala si cha kibayolojia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali kuu au ya mtaa inazishika ardhi oevu, mito na maziwa kwa amana kwa niaba ya raia wote. Bonde halina mwenyewe kwa maana ya hati miliki, hata kama ukoo umelima pembezoni mwake tangu enzi za mababu. Kanuni za ardhi oevu za mwaka 2000 zikaongeza ukanda wa ulinzi wa mita 100 kwenye kingo za mito mikubwa na mita 30 kwenye mito mingine.

Kanuni hizo hizo, na hapa ndipo penye kisa, ziliorodhesha matumizi ya asili ambayo hayahitaji kibali. Zilitaja kuvuna mafunjo, mimea ya dawa, miti na matete, kuteka maji ya nyumbani, kuvua kwa mitego, mikuki na vikapu. Na zikaruhusu kilimo, mradi eneo linalolimwa lisizidi asilimia 25 ya ardhi oevu yote.

Robo hiyo ndiyo iliyokuwa mlango. Bwawa moja hupita katika vijiji vingi, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kujumlisha robo ya kila mmoja. Mpunga ulikuwa unauzika, bei ya mchele mijini ilikuwa nzuri, na miradi mikubwa ya serikali yenyewe, kama Doho iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, ilikuwa imemwonyesha mkulima kwamba bwawa likikaushwa hulipa. Ardhi oevu zilizokuwa asilimia 15.6 ya eneo la Uganda mwaka 1994 zilipungua, na zilizobaki katika hali yake ya asili robo karne baadaye zilikuwa chini ya asilimia 10.

Jibu la serikali limekuwa la kufunga. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua hati za ardhi zilizotolewa ndani ya ardhi oevu zifutwe. Sheria mpya ya mazingira ya 2019 iliongeza adhabu. Septemba 2021 utoaji wa vibali kwa miradi mipya katika ardhi oevu ukasimamishwa. Rais Yoweri Museveni amerudia mara nyingi kwamba wanaolima mpunga mabwawani waondoke, wapewe njia nyingine kama ufugaji wa samaki pembezoni. Hoja yake kuhusu maji na mvua ina msingi, na watu wa Koboko, ambao mji wao umesumbuliwa na ukosefu wa maji kwa miaka, hawahitaji kuelezwa thamani ya chemchemi.

Tatizo ni kwamba kati ya bwawa lililokaushwa na bwawa lililofungwa, sera haijaweka chochote kinachoeleweka. Ofisa wa mazingira anayeshuka bondeni huona ama mafunjo yaliyosimama, na hayo ni mema, ama jaruba, na hilo ni kosa. Mtu anayevuna nafaka kutoka nyasi iliyoota yenyewe, bila mfereji wala jembe, hayumo katika picha hiyo. Orodha ya mwaka 2000 ilikumbuka mafunjo ya kusukia mikeka na matete ya kuezekea, ila haikutaja nafaka ya kula. Huenda waandishi wake hawakuamini kwamba bado kuna mtu anayekula nyasi. Huenda pia waliona aibu kidogo, kama inavyotokea mara nyingi vyakula vya njaa vinapofika kwenye meza ya watunga sera.

Mpunga wa kudumu unaingia katika pengo hilo hilo, na unaweza kulielekeza pande mbili. Ukipandwa kama mpunga mwingine, kwa mifereji na kusawazisha, utalifanya kosa la msimu kuwa makazi ya kudumu, kwa sababu hakuna mkulima atakayekubali kuhamishwa kutoka shamba ambalo lina mavuno matano mengine mbele yake. Ukipandwa pembezoni, nje ya ukanda wa ulinzi, unaweza kushika udongo ambao jembe la kila msimu huuachia uteremke mtoni. Watafiti wa Yunnan wenyewe wanautaja ulinzi wa udongo wa miteremko kuwa mojawapo ya sababu za kuuzalisha. Nyanda za Kuluva ni miteremko mitupu.

Ipo njia nyingine ambayo West Nile tayari inaifahamu, nayo ni mpunga wa nchi kavu. NERICA, uzao wa mpunga wa Kiafrika na wa Asia uliomletea mtafiti Monty Jones wa Sierra Leone Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004, ulipigiwa debe nchini Uganda na Makamu wa Rais wa wakati huo, Gilbert Bukenya, na shirika la Japan la JICA limewafundisha kuulima wakimbizi na wenyeji wa eneo hilo. Umewasaidia wengi. Lakini unataka ardhi ya juu, na ardhi ya juu ndiyo haba, hasa kwa mwenye kiwanja cha mita 30.

Nani anufaike na mbegu

Kuna deni la zamani katika hadithi hii. Miaka ya 1970 mbegu za Oryza longistaminata zilizotoka Mali ziligunduliwa nchini India kuwa na kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Taasisi ya kimataifa ya mpunga nchini Ufilipino ikatumia zaidi ya muongo mmoja kuihamishia kinga hiyo kwenye mpunga wa shamba. Mwaka 1995 maabara ya Pamela Ronald katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ikaitenga jeni yenyewe, Xa21, na chuo kikaomba hataza. Ronald, kwa kutambua kwamba Mali haikuwa imepata kitu, akasaidia kuanzisha mwaka uliofuata mfuko wa kulipa fadhila, ambao kampuni zingechangia zikianza kuuza mbegu zenye jeni hiyo. Hazikuuza, na mfuko haukujaa.

Tangu wakati huo sheria za kimataifa zimebadilika. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Mbegu za Chakula na Kilimo na pia wa Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa. Kati ya 2011 na 2021, ikiwa miongoni mwa nchi 25, ilishiriki kukusanya jamaa wa mwitu wa mazao katika mpango uliogharimiwa na Norway, na kwa jumla nchi hizo zilikusanya sampuli zaidi ya 4,600. Mbegu ziligawanywa kati ya hifadhi za nchi husika na hifadhi za kimataifa. Lakini jenasi nzima ya mpunga, pamoja na ule wa mwitu, imo katika orodha ya mazao ambayo wanachama wa mkataba wa mbegu wamekubali kupeana kwa urahisi, na manufaa hupitia mfuko wa pamoja wa kimataifa. Mwanakijiji aliyeacha nyasi zake zisimame hana mstari wake katika hesabu hiyo.

Sampuli iliyo kwenye jokofu ni salama, ila imesimama. Mmea ulio bondeni huendelea kubadilika kadiri joto, kimyanga na mafuriko vinavyobadilika, na mafuriko yamebadilika kweli. Ziwa Victoria lilipofikia mwezi Mei 2020 kimo chake cha juu kabisa kilichokuwa kimewahi kurekodiwa hadi wakati huo, maji yake yaliteremka na Nile hadi West Nile na Sudan Kusini, yakafunika gati, nyumba na mashamba ya kandokando. Mazao ya shamba yalioza. Nyasi za tambarare, ambazo zimezoea kupanda na maji, ndizo zilizobaki.

Mipango ya kusimamia ardhi oevu za wilaya huandikwa na wilaya zenyewe, na ndani yake ndipo jambo hili linaweza kuamuliwa bila kungoja Kampala wala Yunnan. Mpango wa namna hiyo unaweza kutamka kwamba sehemu fulani ya bonde ni ya kuvunwa nafaka, mafunjo na malisho kwa miezi iliyotajwa, kwamba hapachimbwi mfereji wala hapachomwi moto kabla ya masuke kupukutika, na kwamba wakimbizi wamo katika kamati pamoja na wenyeji. Kipengele cha moto ndicho kitakacholeta ubishi mkubwa zaidi, kwa kuwa wafugaji huchoma nyasi Januari ili wapate majani mabichi. Kinachofuata kwa ugumu ni kutambua ng'ombe ni wa nani. Mbegu za mwitu zenyewe hazihitaji kununuliwa, na kipande cha shina kilichochomekwa kwenye tope mwezi wa Aprili, mvua zinapoanza, hushika bila gharama.